Bakteria wa Yellowstone na Fedha za Umma

Mwaka 1966, Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kwenye Mushroom Spring, chemchemi ya maji moto katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani. Maabarani waliotesha bakteria anayestawi kwenye nyuzi joto 70 za Selsiasi, wakampa jina Thermus aquaticus. Gharama zililipwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi, yaani na walipa kodi. Brock hakuwa ameahidi dawa wala mashine. Alitaka kujua viumbe huishije kwenye joto kali namna ile.

Wakfu huo ulianzishwa mwaka 1950, miaka mitano baada ya Vannevar Bush, mshauri wa sayansi wa Rais Roosevelt, kuandika ripoti iliyoitaka serikali igharamie utafiti wa msingi. Sababu yake ina nguvu hadi leo. Kampuni hulipia inachotarajia kuuza, na mwaka 1966 hakuna aliyejua bakteria yule angemfaa nani.

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1976, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walichapisha jinsi walivyomtoa bakteria huyo kimeng'enya kinachonakili DNA. Mwaka 1983, Kary Mullis wa kampuni ya Cetus huko California akabuni PCR, mbinu ya kuzidisha kipande kidogo cha DNA. Ili nyuzi mbili za DNA ziachane, mchanganyiko hupashwa hadi kama nyuzi joto 95, kisha hupozwa ili kimeng'enya kijenge nakala, na mzunguko huo hurudiwa mara thelathini hivi. Kimeng'enya kilichotumika mwanzoni kiliharibiwa na joto hilo, kwa hiyo fundi alilazimika kufungua vichupa na kuongeza kingine kila mzunguko. Kile cha Thermus aquaticus kilistahimili. Kichupa kikafungwa mara moja, kazi iliyobaki ikaachiwa mashine, na ndani ya saa chache molekuli moja ikaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni.

Cetus ilimpata bakteria huyo kwa dola 35 kutoka benki ya vijidudu ambako Brock alikuwa amemweka. Mwaka 1991, haki za PCR ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300.

Faida ya mbinu hiyo imefika hadi kwetu. Katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hutiwa kwenye kikasha cha mashine ya GeneXpert, inayotumia PCR. Kwa muda wa saa mbili hivi daktari anajua kama vimelea wapo, na kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Wakati wa UVIKO-19, vipimo vya PCR ndivyo vilivyotegemewa.

Hapa nyumbani, ahadi za kugharamia utafiti zimeandikwa. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Nchi nyingi za bara hili bado ziko chini ya hiyo asilimia moja. Pengo hilo huzibwa na wafadhili wa nje, na mfadhili, hata mwenye nia njema, ana orodha yake ya magonjwa na muda wake wa mradi.

Kuongeza kiasi peke yake hakutoshi. Fomu za kuomba ruzuku mara nyingi humtaka mtafiti ataje mapema nani atanufaika na lini. Brock angeijazaje fomu kama hiyo? Bajeti ya utafiti inapaswa kuwa na fungu la maswali yasiyo na mnunuzi, lidumu zaidi ya mwaka mmoja wa fedha, na maombi ya watafiti yapimwe na wanasayansi wenzao kwa ubora wa swali na umakini wa mbinu. Kati ya chemchemi ile na mashine za PCR ilipita takriban miaka ishirini, muda unaozidi vipindi vitatu vya Bunge.