Nani Aliyepandisha Bei? Sarufi ya Lawama katika Kiswahili cha Dhiki ya Uchumi, kwa Kielelezo cha Mpaka wa Tunduma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna mambo matatu, yaani mfumuko wa bei, ukosefu wa kazi na upungufu wa nishati, yalivyoacha alama katika msamiati na sarufi ya Kiswahili nchini Tanzania tangu mwaka 1973. Kielelezo kinachotumika ni Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambao ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba maneno ya dhiki hayakutaja dhiki tu. Kwa maumbo yake ya kisarufi, yaligawa lawama: baadhi yalimficha mtenda, na mengine yalimtafuta na kumpa jina. Mgawanyo huo ulikuwa na matokeo katika maisha ya watu, wakiwamo waliotiwa kizuizini kwa sababu ya jina walilopewa.

2.0 Usuli wa Kiuchumi

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilizuia mafuta yao yasiende Marekani na baadhi ya nchi rafiki zake. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Nchini Marekani kwenyewe magari yalipanga foleni kwenye vituo vya petroli mwaka 1973–74, na tena mwaka 1979. Mfumuko wa bei ulifikia wastani wa asilimia 13.5 mwaka 1980, na mwishoni mwa mwaka 1982 waliokosa kazi walikuwa asilimia 10.8 ya nguvu kazi.

Tanzania ilipatwa na misukosuko hiyohiyo ikiwa na akiba ndogo zaidi. Ukame wa mwaka 1973–74, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978–79 na kupanda tena kwa bei ya mafuta mwaka 1979 viliandamana. Sukari, sabuni, chumvi na nguo viliadimika. Unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje, hasa Marekani, ulipewa na wananchi jina la "unga wa yanga", kwa rangi ya jezi za timu ya Yanga.

Tunduma ilikuwa na hali ya pekee. Bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968 baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, lilipeleka mafuta ghafi Ndola kwa kupitia ukanda huohuo. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 ilipita hapohapo. Hivyo mafuta ya Zambia yalipita ardhini wakati wakazi waliokuwa juu yake wakinunua petroli na mafuta ya taa kwa madumu na chupa, pale yalipopatikana. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kulikuwa na fedha nyingine na bei nyingine, lakini Kinyamwanga kilisemwa pande zote mbili. Hata jina la fedha ya huko, kwacha, lina maana ya "kumekucha", na mzizi wake ni ndugu wa -cha ya Kiswahili.

3.0 Vitenzi Visivyo na Mtenda

Istilahi "mfumuko wa bei" inatokana na kitenzi fuma. Kwa kutendua hupatikana fumua, na kwa hali ya kutendeka hupatikana fumuka, yaani kuachana kwa nyuzi zilizofumwa. Kiambishi -uk- hueleza hali ya kitu bila kudai kuwapo kwa aliyekitenda. Nguo iliyofumuka inaweza kuwa imefumuliwa na mtu, au imechakaa tu. Ndivyo ilivyo kwa bei: inapofumuka, sarufi haiulizi nani ameifumua.

Mfano huu haupo peke yake. Linganisha jozi zifuatazo:

(1) a. Bei imepanda.
b. Bei imepandishwa.
(2) a. Sukari imeadimika.
b. Sukari imefichwa.
(3) a. Thamani ya shilingi imeshuka.
b. Thamani ya shilingi imeshushwa.

Sentensi za (a) zinaripoti hali. Sentensi za (b), kwa kiambishi cha kutendwa, hudokeza kwamba yuko mtenda hata asipotajwa, na humruhusu msikilizaji aulize: "na nani?" Mwaka 1986, Serikali ilipoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 17 hivi ilifika shilingi 40. Huo ulikuwa uamuzi, na usahihi wa kisarufi ungedai (3b). Mtu aliyesema (3a) hakusema uongo, ila aliliweka tukio la kisiasa katika kundi moja na mvua na ukame.

4.0 Nomino za Watenda

Kinyume cha hayo kilitokea mwaka 1983. Katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, uhaba ulielezwa kwa nomino za ngeli ya M-/WA-: walanguzi, wafanya magendo na, zaidi ya yote, wahujumu uchumi. Hujumu ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya kushambulia. Uchumi umetokana na kuchuma. Kuunganishwa kwa maneno hayo mawili kulimfanya mwenye katoni za sabuni aonekane sawa na adui avamiaye shamba la watu. Sheria ya mwaka 1983 ilianzisha chombo maalumu cha kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Baadhi ya wenye bidhaa walizitupa ili wasikutwe nazo. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha kesi mahakamani, lakini neno "uhujumu uchumi" lilibaki na linatumika mpaka leo.

Ni vema kulinganisha na Marekani, ambako mwaka 1974 Rais Gerald Ford aliutangaza mfumuko wa bei wenyewe kuwa adui wa kwanza wa umma. Huko hali ilipewa sura ya mtu. Tanzania, mtu alipewa mzigo wa hali. Nchini Uganda, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, waliogawiwa biashara zao waliitwa "mafuta mingi". Jina hilo linavunja upatanisho wa kisarufi (mafuta mengi), na pengine kwa kuuvunja linadhihirisha kwamba lilitoka mitaani wala si ofisini.

Kwa mpaka wa Tunduma suala hili lina uzito wake. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mitumba ikarudi sokoni. Tendo lililoitwa magendo mwaka 1983 likaanza kuitwa biashara. Mzigo ungeweza kuwa uleule na njia ileile. Kilichobadilika ni nomino. Hali kadhalika, ng'ambo ya mpaka, kupandishwa kwa bei ya unga kulizusha ghasia katika Copperbelt mwezi Desemba 1986. Tofauti za bei za pande mbili zilitokana na maamuzi ya miji mikuu miwili, lakini aliyekamatwa kizuizini mpakani alikuwa mbebaji.

5.0 Mzururaji, Mgawo na Foleni

Ukosefu wa kazi nao ulipata sarufi yake. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi ililenga watu wa mijini wasio na shughuli iliyotambuliwa, walioitwa wazururaji. Kiambishi tamati -ji hueleza mazoea: msomaji husoma kwa kawaida yake, na mzururaji huzurura kwa kawaida yake. Kukosa kazi ni hali inayoweza kumpata yeyote. Uzururaji ni tabia ya mtu. Katika miaka ya 1990, watumishi wa Serikali na mashirika ya umma walipoondolewa kwa maelfu, hawakuitwa kwa -ji. Wao "walipunguzwa", katika kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Vijana waliouza bidhaa mikononi waliitwa wamachinga, kutokana na jina la kabila la kusini mashariki mwa nchi. Neno hilo halilaumu kama mzururaji, wala halisifu kama mfanyabiashara.

Katika nishati, neno lililobadilika sana ni mgawo. Katika maduka ya kaya mgawo ulikuwa kile ambacho kaya ilipata: kilo za sukari, vipande vya sabuni. Ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na umeme ukakatwa kwa zamu, kama ilivyokuwa mwaka 1992, 1994, 2006 na 2011, mgawo ukawa jina la saa za giza. Mtu asemaye "leo kwetu ni mgawo" haelezi alichopata, bali alichokosa. Wakati huohuo Kiswahili cha mazungumzo kilimrudisha mtenda kwa njia yake: watu husema "wamekata umeme", kwa kiambishi wa- kisicho na jina. Katika ukanda huu maneno hayo yana uchungu zaidi, kwa kuwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ulioanza uzalishaji mwaka 1988, uko jirani, upande wa Ileje na Kyela.

Neno foleni, lenye asili ya amri ya kijeshi ya Kiingereza, lilitumika sana kwa mistari ya watu mbele ya maduka. Tunduma sasa ni zaidi foleni ya malori, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwezi Oktoba 2019 ili kuipunguza. Aliyekuwa kwenye foleni ya mwaka 1982 alingoja asijue kama bidhaa itamfikia. Dereva wa lori anangoja mhuri. Neno ni moja, lakini hofu si ileile.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha mkondo wa hatua tatu: hali isiyo na mtenda (bei kufumuka), mtenda aliyetafutwa na kutajwa (mlanguzi, mhujumu, mzururaji), kisha kurejea kwa hali isiyo na mtenda (shilingi kushuka, watu kupunguzwa). Katika hatua ya pili waliotajwa walikuwa kwa wingi wafanyabiashara na watu wasio na kazi. Katika hatua ya kwanza na ya tatu, maamuzi ya wenye mamlaka yalibaki bila kiima.

Kutokana na hayo, kamusi inayoeleza magendo au mlanguzi kwa maana moja tu isiyo na tarehe inahifadhi hukumu ya mwaka 1983 kana kwamba ni maana ya kudumu. Inafaa fasili za maneno ya namna hii zionyeshe yalitumiwa lini na nani. Aidha, wazee wa Tunduma na Nakonde waliovuka mpaka katika miaka hiyo wanazidi kupungua. Masimulizi yao yanapaswa kukusanywa kwa Kiswahili na kwa Kinyamwanga na Kinyiha pia, kwa kuwa huenda katika lugha hizo aliyebeba sabuni hakuitwa mhujumu hata siku moja.