Haibridi inakula kidogo, mlima unakula zaidi: pima kabla hujaandika "tunakuletea bure"

Leo tuongelee kitu kinachomaliza faida ya wauzaji wengi wa mtandaoni kimya kimya: mafuta ya kupelekea mizigo. Hasa kwa nyie mliohamia kwenye magari ya haibridi, yaani Aqua, Prius, Fielder na ndugu zake, au mnaojichanga ili mnunue.

Nianze na yaliyonikuta. Nauza vyombo vya nyumbani mtandaoni hapa Moshi. Mwaka jana nikanunua Aqua ya mkononi. Aliyeniuzia akaniambia, "Hii lita moja unatembea kilomita 35, utasahau njia ya sheli." Nikaamini.

Desemba ikafika. Desemba yetu mnaijua, watu wanapanda nyumbani kula Krismasi, na wasioweza kuja wanaagiza. "Mpelekee mama seti ya sufuria Marangu." "Mpelekee bibi chupa ya chai Kibosho." Nikapiga hesabu kwa ile 35, nikaona mafuta ni hela ndogo, nikaandika status: TUNAKULETEA BURE MOSHI YOTE MPAKA MARANGU.

Oda zilimiminika kweli. Januari nimekaa na daftari, hela ya sare na madaftari ya mtoto haipo. Mzigo umeisha, wateja wamelipa, lakini faida siioni. Nikampelekea fundi gari nikijua lina ubovu. Akapima, akaniambia gari ni zima kabisa. Ndipo nikaanza kuchunguza hesabu yangu.

Kwenda mpaka karibu na lango la Marangu na kurudi mjini ni kama kilomita 80. Kwa lita moja kilomita 35, ningetumia lita 2.3. Tuchukue lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni kama 6,900. Nilipopima kwa kujaza tenki, nilikuta safari hiyo, pamoja na mzigo na kuchepuka vijijini, inakula lita 5. Yaani 15,000. Tofauti ni 8,100 kwa kila safari. Desemba nilipanda mara 14. Zidisha: 113,400. Sare ya mtoto ilikuwa humo.

HIYO 35 INATOKA WAPI?

Muuzaji hakuitunga. Aqua ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, kipimo rasmi cha kule kilisema kilomita 35.4 kwa lita. Lakini kile ni kipimo cha kwenye mashine. Gari halipandi mlima, halibebi sufuria, na dereva anafuata mwendo uliopangwa.

Gari hilohilo liliuzwa Marekani kwa jina la Prius c. Kipimo cha serikali ya kule kikasema wastani wa maili 50 kwa galoni, ambayo kwetu ni kama kilomita 21 kwa lita. Gari moja, karatasi mbili, namba mbili. Ukisikia mtu anakutajia namba ya gari la haibridi, muulize kwanza: imepimwa wapi, na nani?

Daftari langu mimi linasema hivi: mjini napata kama 21, barabara ya Arusha kama 20, na mlimani nikiwa na mzigo 16. Gari langu la zamani, injini ya saizi ileile bila haibridi, lilikuwa linanipa 12 mjini na 11 mlimani. Kwa hiyo haibridi inaokoa, sibishi. Ila haiokoi kama nilivyoambiwa, na haiokoi sawa kila njia.

KWA NINI MJINI INANG'ARA, MLIMANI INAPUNGUA?

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, inazalisha umeme na kuchaji betri. Ukiondoka tena, umeme ule unasaidia kusukuma gari. Kwenye foleni injini inazima, gari linatambaa kwa umeme. Ndiyo maana mjini, kwenye simama-ondoka, gari la kawaida linaumia na haibridi inastarehe. Hata kile kipimo cha Marekani kiliipa Prius c namba nzuri zaidi mjini kuliko barabara kuu, kinyume na magari mengi ya kawaida.

Sasa njoo mlimani. Moshi mjini ni kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu limepita mita 1,800. Unapandisha gari, wewe na mzigo, tuseme kilo 1,300 kwa jumla, kwenda juu kama mita 1,000. Kazi hiyo peke yake, bila kuhesabu upepo na msuguano wa matairi, ni kama yuniti 3.5 za umeme, yuniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama yuniti 9, lakini injini nzuri inageuza kama theluthi tu kuwa mwendo. Maana yake kupanda tu kunakula zaidi ya lita moja, juu ya mafuta ya umbali wenyewe.

Utasema, "Si nitairudisha wakati wa kushuka?" Hapa ndipo wengi tunakosea. Betri ya Aqua yote haifiki yuniti moja ya LUKU. Na gari haliitumii yote, linacheza na sehemu ya katikati ili betri isichoke haraka. Ni kama mfongo unaoshusha maji ya mlima, halafu wewe huku chini umekinga ndoo moja. Ndoo inajaa mapema, maji mengine yanapita. Ukishuka kutoka Marangu betri itajaa kabla hujafika Himo, na nguvu inayobaki inaishia kwenye breki na kwenye injini.

Ongeza na haya: asubuhi ya baridi kule juu injini inawaka ili ipate moto hata kama betri imejaa. Na safari fupifupi za nyumba hadi nyumba hazilipi injini nafasi ya kutulia. Kwa hiyo usiposikia namba nzuri mlimani, usikimbilie kulaumu gari.

PIMA LAKO HIVI

Usiamini dashibodi peke yake, mara nyingi inajipendelea. Fanya hivi:

1. Jaza tenki mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe. Usiongezee.
2. Weka kihesabu cha safari kwenye sifuri, au piga picha namba ya kilomita.
3. Fanya kazi zako kama kawaida. Usiendeshe kwa adabu kwa sababu unapima.
4. Rudi sheli ileile, jaza mpaka bomba lijikate. Angalia lita zilizoingia.
5. Gawanya kilomita kwa lita.

Najua wengi wetu tunaweka "ya elfu kumi, ya elfu kumi". Bado unaweza. Jaza tenki mara mbili tu, mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi. Katikati weka kidogo kidogo, lakini tunza kila risiti na ujumlishe LITA, usijumlishe shilingi. Lita za kujaza mwisho wa mwezi nazo zinaingia kwenye jumla, zile za mwanzo haziingii.

Ukiweza, pima njia ya mjini peke yake na ya mlimani peke yake. Wastani wa zote utakudanganya siku ya kupanga bei.

GEUZA NAMBA KUWA BEI

Chukua bei ya lita, gawanya kwa kilomita unazopata. Kwangu mjini: 3,000 gawanya kwa 21, ni kama shilingi 143 kwa kilomita. Mlimani: 3,000 gawanya kwa 16, ni kama 188. Hayo ni mafuta tu. Ongeza matairi, servisi, akiba ya betri na muda wako. Na usisahau kilomita za KURUDI. Mteja wa Marangu halipii njia ya kwenda tu.

Bei ya mafuta inabadilika. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kawaida Jumatano ya kwanza. Fanya siku hiyo kuwa ya kupitia bei yako ya kupeleka mizigo.

Mimi sasa nimegawa maeneo matatu. Mjini: bei moja. Tambarare kama Himo na Boma Ng'ombe: bei nyingine. Mlimani kama Marangu, Kibosho, Uru, Old Moshi na Machame: bei ya juu, na ninapanda kwa siku maalumu. Marangu ni Jumanne, Kibosho na Uru Alhamisi, Machame Jumamosi. Oda nne kwenye safari ya 15,000 ni 3,750 kila moja, na mteja anailipa bila kununa. Oda moja kwenye safari hiyohiyo umekula hasara.

Neno "bure" sijalifuta. Nimelifunga masharti: bure kwa oda kuanzia kiasi fulani, siku ya eneo lako. Wateja wa mlimani wamezoea, na wengine wanashawishiana majirani ili wafikishe kiasi.

Na Arusha? Kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Kwangu hiyo ni lita 8, yaani 24,000. Kwa kifurushi kimoja, ulizia bei ya kutuma kwa basi au Coaster kabla hujawasha gari.

TABIA ZINAZOOKOA MAFUTA (NA GARI)

Usishuke na nyutro. Kwenye haibridi nyutro inazuia betri kuchaji, na inakuachia breki zifanye kazi yote. Shuka ukiwa D, kanyaga breki mapema na taratibu. Mteremko ukiwa mrefu na mkali, weka B. Hiyo B inatumia injini kushika gari ili breki zisichemke. Ni ya usalama, si ya kuokoa mafuta, kwa hiyo usiiache barabara ikinyooka.

Usizibe tundu la hewa la betri. Lipo karibu na kiti cha nyuma, na sisi wa mizigo ndio tunaoliziba kwa maboksi na viroba. Betri ikikosa hewa inapata joto na kuchoka mapema. Kiangazi, vumbi la njia za vijijini linajaa hapo. Mwambie fundi asafishe feni na chujio kila servisi.

Pima upepo wa tairi kwa namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Na shusha mzigo usio na safari. Mimi nilikuwa natembea na boksi la sahani wiki nzima "labda atatokea mteja". Mlimani kila kilo inalipiwa.

JE, NINUNUE HAIBRIDI?

Tumia kilomita zako, usitumie za jirani. Kwa namba zangu, ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini, unaokoa kama lita 36 ukilinganisha na gari langu la zamani, karibu shilingi 107,000. Zikiwa zote za mlimani, unaokoa kama lita 28, yaani 85,000 hivi. Ukitembea kilomita 200 tu kwa mwezi mjini, unaokoa kama 21,000. Hapo linganisha na bodaboda mwaminifu kabla hujaingia mkopo.

Kabla hujalipa, ulizia bei ya betri ya modeli hiyo, nzima na imefungwa, na umpate fundi wa haibridi wa kupima hali ya betri kwa mashine. Akikwambia imechoka, bei ya betri itoke kwenye bei ya gari. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, ameshakujibu.

Mimi Aqua yangu bado ninayo na sijutii. Desemba hii nitapanda tena Marangu, ila kwa ratiba na kwa bei iliyotoka kwenye daftari langu.

Wewe unaendesha gari gani, njia gani, na unapata kilomita ngapi kwa lita kwa kujaza tenki? Tuandikie hapo chini, uturahisishie wenzako kupanga bei. Na mtumie mwenzako anayeandika "tunakuletea bure" kabla hajapiga hesabu.