Kuyaona Maji Si Kuyajua: Mafundisho ya Sayansi kwa Watoto wa Kibera na Kawangware

Watu wengi hudhani ya kuwa sayansi ni elimu ya majumba makubwa yenye vyombo vya kioo, na kwamba mtoto wa shule ya msingi wa Kibera au Kawangware hana budi kuisoma ubaoni tu. Dhana hiyo si kweli, na madhara yake si madogo. Katika mitaa hiyo ya Nairobi nyumba nyingi hazina bomba lake. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mipira iyaletayo hupita mara nyingi kando ya mitaro michafu; ikipasuka, uchafu huingia. Mtoto asiyejua kuyachunguza maji yumo hatarini kila siku.

Jambo hili laweza kufundishwa kwa vitu visivyo na bei. Chupa ya plastiki hukatwa kitako, ikageuzwa kichwa chini, ikatiwa kitambaa, mchanga na changarawe. Maji ya tope yakimiminwa juu, hutoka chini yakiwa maangavu. Watoto hufurahi sana, na wengine hutaka kuyanywa papo hapo. Hapo ndipo mwalimu awazuie na kuwauliza: tope limeondoka, je, vijidudu navyo vimeondoka?

Kipo kipimo cha karatasi iliyotiwa dawa, ambacho huyageuza maji kuwa meusi baada ya siku moja au zaidi ikiwa yana vijidudu vya uchafu wa choo. Maji yaliyochujwa yakigeuka meusi kama yale yasiyochujwa, darasa zima hujifunza neno ambalo hotuba kumi zisingelifundisha: jicho peke yake si shahidi wa kutosha. Kazi ya kuyamwaga maji hayo na kuyatia klorini ni ya mwalimu mwenyewe, wala si ya watoto.

Fundisho la pili ni la jua. Mwaka 1980 Aftim Acra wa Beirut alieleza kwamba mwanga wa jua huua vijidudu vya maji. Baadaye chama cha KWAHO kiliwafundisha watu wa Kibera kulaza chupa za plastiki nyeupe, zisizozidi lita 2, juu ya mabati. Siku ya jua saa 6 zatosha. Siku ya mawingu mengi zahitajika siku 2. Lakini maji yenye tope huuzuia mwanga, kwa hiyo hupimwa kwanza: chupa iliyojaa husimamishwa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, na mtoto hutazama chini kupitia mdomo wake. Akizisoma herufi, maji yafaa kuanikwa. Asipozisoma, yachujwe kwanza. Jua haliondoi sumu za dawa, na hilo pia watoto waambiwe.

Mafundisho ya namna hii si mageni Kenya. Baada ya mkutano wa Kano, Nigeria, mwaka 1965, ulianzishwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoufuata. Bibi Eleanor Duckworth wa Kanada alikuja kuupima. Hakuwauliza watoto maswali ya kukariri. Aliwawekea vitu mbalimbali, akawaacha wafanye wapendavyo. Waliofundishwa kwa mpango huo walibuni mambo mengi zaidi kuliko wenzao, na kuyafuata kwa kina zaidi.

Kwa nini basi njia hiyo haikuenea? Sababu moja ni mtihani. Toka mwaka 1985 hata 2023, mtihani wa KCPE ulimtaka mtoto achague herufi moja kati ya nne, na mwalimu mwenye darasa lililojaa alifundisha yatakayoulizwa. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2019 wataka watoto watende. Hata hivyo wazazi wamelalamika kwamba hutakiwa kununua vifaa kila mara, na malalamiko yao ni ya haki. Mama afuaye nguo za watu kwa kibarua cha siku hawezi kuchagua kati ya unga na karatasi za rangi. Shule isimtume mtoto dukani iwapo chupa tupu, mchanga na gazeti kuukuu vyatosha.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto arudipo na mikono yenye mchanga, asikemewe kwamba alikuwa akicheza. Aambiwe aonyeshe alilofanya, kisha aulizwe amejuaje kuwa ni kweli. Akiweza kujibu, na maji ya kunywa ya nyumba hiyo yakaanza kuanikwa au kuchemshwa, elimu yake imeanza kuzaa matunda kabla ya mtihani wowote.