Gari Kuukuu la Theluji: Injini Gani Ifungwe?

Tarehe 24 Novemba 1957, msafara wa Jumuiya ya Madola ulioongozwa na Vivian Fuchs uliondoka katika kituo cha Shackleton, kando ya Bahari ya Weddell, kwa nia ya kulivuka bara la Antaktika. Tarehe 2 Machi 1958, baada ya siku 99 na mwendo wa kilometa zipatazo 3,470, uliwasili katika kituo cha Scott, upande wa pili wa bara hilo. Miongoni mwa vyombo vilivyoubeba yalikuwamo magari manne ya Tucker Sno-Cat, yaliyoundwa Oregon, Marekani, na kuendeshwa kwa injini za Chrysler za silinda 8.

Magari ya theluji ya zama hizo, yakiwamo yale ya Bombardier wa Kanada na ya kampuni ya Thiokol ya Utah, hayakutoweka yote. Katika nchi zenye milima ya theluji wapo mafundi na wapenzi wa mitambo wanaoyaokota vichakani na kuyafufua. Aghalabu bati hunyooshwa na mbao hubadilishwa bila mabishano. Swali gumu huja baadaye: injini ya awali imekufa, je, ifungwe ipi mahali pake, na giaboksi ya namna gani? Jibu linalomjia mtu kwanza ni kufunga injini kubwa kadiri inavyowezekana. Jibu hilo limeyaharibu magari mengi.

Kuelea juu ya theluji

Gari la theluji hutembea juu ya minyororo mipana, mfano wa katapila, lakini shabaha yake ni tofauti. Katapila hutaka kuishika ardhi. Gari la theluji hutaka kwanza lisizame. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,000 na minyororo miwili, kila mmoja ukigusa theluji kwa upana wa mita 1 na urefu wa mita 2. Kila sentimeta ya mraba hubeba gramu 50 tu. Mtu wa kilo 70 anayesimama kwa mguu mmoja, ikiwa unyayo wake una eneo la sentimeta za mraba 200, huikandamiza theluji kwa gramu 350 kwa kila sentimeta ya mraba, yaani mara saba zaidi.

Kwa hiyo uzito ndio adui wa kwanza. Injini ndogo ya petroli yenye silinda 6 huweza kuwa chini ya kilo 200, ilhali dizeli ya silinda 4 iliyotolewa katika gari la mizigo huweza kuzidi kilo 300. Kilo hizo za ziada zikiwekwa mbele, pua ya gari huinama, nalo huanza kuichimba theluji badala ya kuipanda.

Kamba hukatikia pembamba

Katika magari mengi ya minyororo miwili, usukani ni vijiti viwili. Dereva anapovuta kijiti kimoja, mkanda wa breki hubana ngoma iliyomo ndani ya difu. Meno ya difu hiyo yamepangwa kwa namna ambayo mnyororo wa upande huo hupunguza mwendo na wa upande wa pili huongeza. Gari hukata kona huku minyororo yote ikiendelea kusukuma. Ni ubunifu wa werevu mkubwa, lakini difu yenyewe ilikusudiwa kupokea nguvu ya kiasi fulani tu.

Hesabu ndogo itaonyesha jambo hili. Injini ya silinda 6 yenye nguvu ya kuzungusha ya newtoni-mita 240, ikipitia giaboksi ya otomatiki ambayo konveta yake huizidisha mara 2 na gia ya kwanza mara 2.46, hufikisha kwenye difu newtoni-mita 1,180 hivi. Injini ya silinda 8 yenye newtoni-mita 400 hufikisha karibu 1,970. Kwa kawaida theluji humwokoa fundi, kwani minyororo huteleza kabla chuma hakijavunjika. Lakini minyororo iliyogandamana na ardhi usiku kucha, au iliyonasa kwenye kisiki, haitelezi. Hapo nguvu yote hurudi kwenye meno na shafti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba injini hupatikana kwa wauza vipuri, lakini difu ya miaka ya 1960 aghalabu haipatikani ila katika gari jingine kuukuu. Basi kipuri kisichopatikana ndicho kiwe bwana, na injini iwe mtumwa wake. Fundi mwenye busara huanza kwenye minyororo, hupanda hadi kwenye difu na giaboksi, na injini huichagua mwisho.

Klachi au konveta?

Gari la kawaida barabarani huendelea kuserereka dereva anapokanyaga klachi. Gari la theluji haliserereki: theluji nene hulishika, na kabla gia ya pili haijaingia limekwisha kusimama. Kuliondosha upya kwa kishindo cha klachi huifanya minyororo ikate theluji na kujichimbia shimo. Aidha, mikono miwili ya dereva imo kwenye vijiti vya usukani. Gia ya mkono humdai mkono wa tatu.

Konveta hutatua matatizo hayo kwa kupitisha nguvu ndani ya mafuta, polepole na bila kukatika. Hata hivyo, utelezi huo wa mafuta huzaa joto, na gari la theluji hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, bila upepo wa kutosha. Pasipo rejeta ya pekee ya kupoza mafuta ya giaboksi, otomatiki huungua hata katika baridi kali. Giaboksi ya mkono, kwa upande wake, haipati joto kubwa, ni nyepesi kutengeneza, na huizuia gari vizuri zaidi kwenye mteremko. Kwa anayepita njia iliyokwisha kushindiliwa yaweza kutosha. Kwa anayeingia katika theluji nene, otomatiki ndiyo salama zaidi.

Upande ambao injini inazungukia nao uchunguzwe mapema. Ikigeuzwa nyuma mbele bila kufikiri, fundi hujikuta na gia moja ya kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma.

Mwinuko na baridi

Kwenye mwinuko wa mita 3,000 hewa ina takriban robo tatu tu ya uzito ilio nao pwani. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza zaidi ya robo ya nguvu zake, na kabureta iliyorekebishwa bondeni humwaga petroli kupita kiasi. Upulizaji wa mafuta kwa mitambo ya elektroniki hujirekebisha wenyewe, ndiyo maana wengi huuchagua. Dizeli hula mafuta kidogo na huvuta vizuri kwa mwendo wa chini, lakini mafuta yake ya kawaida huganda kama nta katika baridi kali, hivyo huhitaji mafuta ya majira ya baridi na kipasha joto.

Uamuzi huu si anasa ya wapenda vyombo vya kale pekee. Difu ikivunjika kilometa 20 kutoka makao ya watu, jioni, katika nyuzi 20 chini ya sifuri, aliyemo ndani hana budi kutembea kwa miguu katika theluji ambayo gari lenyewe liliundwa ili kumwepusha nayo. Kwa sababu hiyo injini ya kiasi, iliyo karibu na ile ya awali kwa uzito na nguvu, ikiwa na giaboksi inayopozwa vizuri, hulishinda dubwana la silinda 8. Tena fremu isikatwe, na injini ya zamani itunzwe ghalani, ili atakayelirithi gari hilo aweze kulirudisha katika hali lililotoka nayo kiwandani.