Kabla ya Kununua Turbo, Tazama Bomba la Chini

Subaru Forester ya turbo ikiingia gereji huku ikitoa moshi wa bluu na kunuka oili iliyoungua, mara nyingi jibu hutoka kabla injini haijapoa: turbo imekufa. Mwenye gari anaanza kupiga simu kuulizia turbo ya mtumba Kirinyaga Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam. Pengine kinachomsumbua ni kipande cha mpira kisichofika urefu wa kiganja, kilichojificha chini ya turbo hiyohiyo, na hakuna aliyeinama kukitazama.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake mmoja hupigwa na moshi wa ekzosi ambao kwenye injini ya petroli unaweza kupita nyuzi joto 900. Shafti hiyo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili huingia kwa juu kupitia bomba jembamba, ikisukumwa na pampu ya injini. Ikishapita kwenye beringi inakuwa ya moto na imejaa povu, na kuanzia hapo hakuna kinachoisukuma tena. Inashuka kwa uzito wake tu hadi kwenye sampu, kama maji ya sinki. Ndiyo maana bomba la kurudishia ni nene kuliko la kuingizia. Tundu lake kwa kawaida halipungui milimita 12, na Garrett, kampuni kubwa ya kutengeneza turbo, hushauri lisiiname zaidi ya digrii 35 kutoka wima.

Sasa, sili za turbo si za mpira. Ni pete ndogo za chuma, jamaa wa ringi za pistoni, na hazikutengenezwa kuzuia oili iliyofurika. Njia ya kurudi ikiziba, oili hujaa katikati ya turbo na kupenya upande wa ekzosi au upande wa hewa. Moshi unatoka, turbo inalaumiwa, inafungwa nyingine, na moshi unarudi uleule.

Na mzibaji mara nyingi ni fundi mwenyewe. Kwenye magari mengi ya dizeli, bomba la kurudishia ni la chuma, limebanwa chini ya turbo kwa bolti mbili na gasketi. Gasketi ikikosekana, hupakwa silikoni kwa ukarimu. Bolti zikikazwa, nusu ya silikoni hutokeza nje na kufutwa kwa kitambaa. Nusu nyingine hutokeza ndani, ambako haionekani. Fungua bomba hilo baada ya miezi kadhaa utakuta ulimi wa silikoni umening'inia tunduni, umeshika masizi. Gasketi halisi ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na hasara ya turbo nyingine.

Kama tatizo ni kuvuja, kwanza uhakikishe oili inatoka wapi. Kwenye Forester nyingi za zamani, turbo iko upande wa kulia, na hozi yake fupi ya kurudishia oili hushuka hadi silinda hedi ya kulia, ambako oili huendelea hadi sampu. Gasketi ya kifuniko cha valvu za upande huo nayo hupenda kuvujia ekzosi, hivyo harufu peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Osha eneo lote, likauke, kisha nyunyizia poda ya mtoto. Washa injini kwa dakika kama kumi, halafu mulika kwa tochi na kioo kidogo: mstari wa kahawia kwenye poda utakuonyesha chanzo. Jambo hili lisiahirishwe, maana oili inayodondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka.

Kubadilisha hozi hufanywa injini ikiwa baridi. Ile ya zamani isizungushwe kwa nguvu. Ikatwe kwa wembe, kwani joto limeshaigandisha kwenye bomba. Ipasue kwa urefu uone: ndani ni ngumu, imepasukapasuka. Sugua mdomo wa bomba kwa kipande cha plastiki, tundu likiwa limezibwa kwa kitambaa ili takataka zisiingie. Hozi mpya iwe imetengenezwa kwa ajili ya oili ya moto. Ya rejeta haifai hata kama inaingia vizuri, kwa sababu mpira wake huvimba na kulainika ukikutana na oili. Hata ile ya silikoni ya kawaida, yenye rangi ya kupendeza dukani, huanza kutoa jasho la oili.

Kuna hali moja ambayo hozi mpya haitaimaliza. Valvu ya kupumulia injini ikiziba, au ringi zikiwa zimechoka, presha hujaa ndani ya injini na kuizuia oili kushuka. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma taratibu. Pumzi ikikupiga mkononi kwa nguvu, shughulikia hilo kwanza.

Mwisho wa kazi, kama turbo ilifunguliwa, usiwashe gari moja kwa moja. Kata mafuta kwa kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata kidogokidogo hadi taa ya oili izime, ndipo uirudishe fyuzi na kuiacha injini iungurume dakika chache bila kukanyaga. Pima oili. Moshi kidogo wa mabaki yaliyomo kwenye ekzosi utaendelea kwa muda. Usipokwisha, sasa turbo yenyewe ifunguliwe na shafti ipimwe kama inacheza kupita kiasi.