Fahamu: Kwa nini eksirei isiyo na ufa haitoshi kusema mfupa ni mzima

Umeanguka kutoka kwenye bodaboda ukajikinga kwa kiganja. Katika idara ya dharura, eksirei haionyeshi ufa. Usishangilie bado. Kifundo cha mkono kina mfupa mdogo, upande wa kidole gumba, ambao ufa wake huweza kujificha siku za mwanzo. Mfupa huo hupata damu kwa njia finyu. Ukipuuzwa, sehemu yake yaweza kufa. Ndiyo maana daktari makini hubonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba, tena hudai picha za pande kadhaa. Pakiuma, mkono hufungwa na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Tafadhali, siku hiyo usiikose, hata kama maumivu yamepungua.