Kadi Bila Punguzo? Baki Nayo!

Oya mwanangu, sogea. Kuna swali moja nataka kitaa kizima tulijibu, Kakola, Bugarama, Ilogi, wote: nani anakula chenji zetu? Jero ya Jumatatu iko wapi? Mia mbili ya jana je? "Chenji mbele, mwamba." Mbele wapi? Hiace imeshaingia stendi, konda karuka, kayeyukia kwa wapiga debe. Umepigwa. Na ukikomaa kudai, gari zima linakugeuzia shingo. Yule mrembo uliyekuwa unampigia stori toka Bugarama anakuona una njaa kali. Aibu ya mwaka, kisa mia mbili.

Ndiyo maana nikisikia kadi ya nauli, masikio yananisimama. Unapanda, unagonga, ti! Unakaa. Hakuna kunyoosha wekundu wa Msimbazi huku konda anakukazia jicho utadhani umemtusi. Unyama mwingi. Ila tusizubaishwe na mng'aro, wanangu. Kadi naipima kwa kitu kimoja tu: inanishushia nauli shilingi ngapi?

Twende kwenye hesabu. Viwango vya LATRA vya Desemba 2023: basi la kawaida la mikoani, kwenye lami, shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita. Barabara ya Kahama hadi Kakola ni kilomita 73. Tuseme lami yote imetandikwa, zidisha. 3,538. Haya, abiria gani Kanda ya Ziwa nzima anatembea na shilingi 38? Hayupo. Kwenye keshi, 3,538 inageuka 3,600, halafu 3,600 inageuka "toa buku nne, chenji mbele". Kadi haijui hizo mbanga. Inakata ilichoambiwa ikate, mpaka shilingi ya mwisho. Na kuna kitu mabosi wa magari hawakitangazi: hiyo namba ya LATRA ni nauli kikomo. Kuizidi ni kosa. Kutoza chini yake, hakuna wa kukufunga.

Kwa hiyo punguzo linawezekana. London walishatuonyesha. Mwaka 2014, kabla mabasi yao hayajaacha kupokea keshi Julai ile, safari moja kwa noti na sarafu ilikuwa pauni 2.40. Ukigonga kadi ya Oyster, pauni 1.45. Basi lile lile, siti ile ile! Nani angeng'ang'ania keshi hapo? Hakuna aliyebembelezwa, bei yenyewe iliongea. Mwaka 2016 wakaongeza utamu: ukigonga basi la kwanza, la pili ndani ya saa moja ni bure.

Usiseme hayo ni ya Ulaya. Mwendokasi ilivyoanza Dar, Mei 2016, njia kuu ilikuwa 650, njia mlisho 400. Ukiunga zote mbili ulikuwa hulipi 1,050, unalipa 800. Mia mbili hamsini ilibaki mfukoni. Sasa lete hiyo kitu huku kwetu. Mwana anatoka Kakola, anashuka Kahama, anaunga gari ya Shinyanga. Leo kila gari linamchuna upya toka sifuri. Kadi ingejua kwamba ni abiria yule yule, safari ile ile, ikamkatia. Na reli ya SGR ya Mwanza hadi Isaka ikianza kazi, kuunga ndiyo itakuwa maisha yetu. Isaka hapo pua na mdomo, ujue.

Sasa Nairobi. Hapa ndipo somo lilipo, kaa vizuri. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walishusha kadi ya nauli, BebaPay. Zikafuata kadi nyingine, Abiria, My1963, kila moja na mbwembwe zake. Serikali ikasema Julai 2014 matatu zote ziache keshi. Tarehe ikafika, ikasogezwa mpaka Desemba. Desemba ikafika, keshi ikaendelea kutamba. Machi 2015 BebaPay wakafunga duka. Google, mwanangu! Kampuni inayojua ulipolala jana imechapwa na makanga wa Nai.

Kwa nini? Angalia nani alikuwa anakula nini. Serikali ilitaka kuona kodi. Bosi wa gari alitaka kuona kila shilingi. Dereva na kanga, waliokuwa wanaishi kwa keshi ya siku, wakaona sahani inaondolewa mezani. Na abiria? Nauli haikumshukia vya kutosha kumfanya aing'ang'anie kadi. Kanga akisema mashine imekufa, abiria anatoa noti fasta, safari inaendelea. Kadi haikuwa na mtetezi hata mmoja ndani ya gari.

Huku kwetu mfumo ni ule ule. Suka anapewa gari asubuhi, jioni anapeleka hesabu kwa bosi. Kinachozidi ndiyo ugali wake na konda. Ukileta kadi inayomwonyesha bosi kila kitu bila kumpa konda mshahara wa kueleweka, mashine itakufa kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Nawaelewa kabisa, ni washkaji zetu, wana watoto. Kwa hiyo mkataba na mshahara wa konda uje pamoja na kadi, siku hiyo hiyo. Na kadi kwenye mabasi inawezekana: Kigali wanagonga Tap&Go toka 2015. Waulize madereva wa malori ya Rwanda wanaolala Kahama, watakupa full stori.

Washua wa chini ya mwembe nao hawakosi neno. "Pesa ni ya kushika mkononi, vijana!" Haya, mzee. Ni hawa hawa waliosema M-Pesa ni wizi ilivyoingia 2008. Leo wao ndio wa kwanza kupiga simu usiku: "Nirushie kidogo mwanangu, na ya kutolea." Ushauri wao wa teknolojia tunaupokea kwa heshima zote na kuuacha pale pale chini ya mwembe.

Ila kwenye makato lazima tukabane. Piga picha: nauli 600, punguzo asilimia 10, unaokoa 60. Kwenda na kurudi siku 26, ni 3,120 kwa mwezi. Wakikuuzia kadi yenyewe buku tano, zaidi ya mwezi mmoja na nusu wa punguzo umeliwa kabla hujaonja. Waongeze makato kila ukijaza salio, umerudi kulekule. Kadi iwe bure, kujaza salio kuwe bure, na iwe moja kwa magari yote. Dar kadi moja ya N-Card unavukia Kigamboni na unaingilia mechi kwa Mkapa. Sisi tunashindwa nini, mpaka Hiace iwe na yake na Coaster na yake?

Na huku dhahabuni kadi inatufaa kuliko hata Dar. Hela ya huku haina ratiba. Mawe yakikubali kwenye karasha, wiki ni bata tupu, bodaboda mpaka kwenda dukani. Duara likikauka, mtu anatembea na jua la saa nane. Siku ya mshiko jaza salio la mwezi, halafu kula bata na kilichobaki. Nauli ishalala salama, hata Savanna za Kahama haziifikii.

Kwa hiyo LATRA, mabosi wa Hiace, na nyie wauza mashine, tusikilizane. Andikeni ubavuni mwa gari nauli mbili, ya keshi na ya kadi, na ya kadi iwe chini. Mkileta kadi yenye bei sawa na keshi, wanangu wa Kakola, msinunue.